Wilt, Russell au Kareem: ukiruhusiwa senta mmoja tu, umchukue yupi?

Wapenzi wa kikapu wakikaa kupanga kikosi bora cha NBA cha zama zote, ubishi mkali hauko kwenye nafasi za gadi. Huko watu humtaja Michael Jordan, wakaendelea. Kazi huwa kwa senta, yule mrefu anayecheza chini ya ringi. Mmoja atasema Wilt Chamberlain na kutaja 100, pointi alizofunga katika mechi moja. Wa pili atajibu Bill Russell na kutaja 11, idadi ya mataji yake. Wa tatu atamleta Kareem Abdul-Jabbar na pointi zake 38,387. Baada ya hapo kila mtu hurudia namba yake kwa sauti kubwa zaidi hadi usiku unaingia.

Nimewaacha nje Shaquille O'Neal na Hakeem Olajuwon kwa makusudi, ingawa kwa ufundi wa miguu simjui senta wa kumzidi Olajuwon. Sababu ni kwamba kati ya watatu wangu, Wilt alikutana uwanjani na wenzake wote wawili. Russell na Wilt walipambana misimu kumi, zaidi ya mara 140 ukijumlisha na mtoano. Russell alistaafu 1969, na msimu uliofuata akaingia Kareem, wakati huo bado akiitwa Lew Alcindor, akakabiliana na Wilt hadi 1973. Wanaowabishanisha Jordan na LeBron James hulazimika kubuni mechi ambazo hazikuchezwa. Sisi mechi tunazo, na matokeo yake yapo.

| | Wilt | Russell | Kareem |
|---|---|---|---|
| Misimu | 14 | 13 | 20 |
| Mechi | 1,045 | 963 | 1,560 |
| Pointi kwa mechi | 30.1 | 15.1 | 24.6 |
| Ribaundi (mipira iliyokosa ringi aliyoichukua) kwa mechi | 22.9 | 22.5 | 11.2 |
| Pointi kwa mechi, mtoano | 22.5 | 16.2 | 24.3 |
| Mitupo huru | 51.1% | 56.1% | 72.1% |
| Mchezaji bora wa ligi | mara 4 | mara 5 | mara 6 |
| Ubingwa | 2 | 11 | 6 |

Bloku, yaani mitupo ya wapinzani iliyozuiwa, hazimo kwenye jedwali kwa sababu ligi ilianza kuzihesabu msimu wa 1973–74, na Wilt alikuwa ametoka tu kutundika viatu. Kwa hiyo sifa kubwa kabisa ya wawili kati ya hawa watatu haina takwimu. Anayekuletea idadi ya bloku za Russell maishani amejitungia.

Msimu wa pointi 50

Chamberlain alikuwa na urefu wa mita 2.16, nguvu za mnyanyua vyuma na wepesi wa mwanariadha. Pale Chuo Kikuu cha Kansas alishindana pia kuruka juu. Alipojiunga na Philadelphia Warriors mwaka 1959, msimu wake wa kwanza ulimpa wastani wa pointi 37.6 na ribaundi 27, akabeba tuzo ya chipukizi bora na ya mchezaji bora wa ligi kwa mpigo. Kisha ukaja msimu wa 1961–62: pointi 4,029, wastani wa 50.4 kwa mechi. Jordan katika msimu wake mkali kuliko yote, 1986–87, aliishia 37.1. James Harden mwaka 2019 aliishia 36.1, na watu walidhani dunia imefika mwisho.

Ndani ya msimu huo ndimo ilimo mechi ya Machi 2, 1962, katika mji wa Hershey, Pennsylvania. Watazamaji 4,124, bila kamera ya televisheni hata moja. Wilt alitupa mara 63, zikaingia 36, na mitupo huru 28 kati ya 32. Robo ya nne peke yake alifunga 31. New York Knicks walifika mahali wakawa wanawachezea faulo wenzake ili mpira usimfikie, na Warriors nao wakawachezea faulo Knicks ili waupate mpira haraka warudi kumlisha. Matokeo yalikuwa 169–147. Kilichobaki ni sauti ya redio ya robo ya mwisho na ile picha ya Wilt ameshika karatasi iliyoandikwa 100. Rekodi ni halali kabisa, lakini dakika zake za mwisho zilikuwa zoezi la kutafuta namba. Kobe Bryant alipofunga 81 dhidi ya Toronto mwaka 2006, timu yake ya Lakers ilikuwa nyuma na ilizihitaji.

Halafu kuna kasi ya enzi ile. Timu za wakati huo zilirusha mpira ringini zaidi ya mara 100 kwa mechi, nyingi zikikosa. Siku hizi ni karibu 90 na zinaingia zaidi. Mitupo mingi inayokosa maana yake ni ribaundi nyingi za kugombea. Ndiyo sababu msimu uleule Oscar Robertson alimaliza na wastani wa tarakimu mbili katika pointi, ribaundi na asisti (pasi za kufungia), Elgin Baylor akafunga 38.3 kwa mechi, na Walt Bellamy, mgeni kabisa wa ligi, akapata pointi 31.6 na ribaundi 19. Ligi yenyewe ilikuwa na timu tisa. Wilt aliwazidi wote hao kwa mbali, lakini alikuwa anacheza katika msimu ambao kila mtu alivimba namba.

Mimi nikiulizwa rekodi gani ya Wilt inanitisha, sitaji 100, wala ribaundi 55 alizochukua mbele ya Russell mwenyewe Novemba 24, 1960. Nataja dakika. Msimu wa 1961–62 alicheza wastani wa dakika 48.5 kwa mechi. Mechi ina dakika 48. Hiyo nusu ni ya muda wa nyongeza. Msimu mzima alikosa dakika 8 tu, na hizo ni kwa sababu mwamuzi alimtoa nje. Kasi ya enzi haielezi hilo, wala udogo wa ligi. Senta wa leo akichezeshwa dakika 40 mfululizo kwa wiki mbili, kocha anaulizwa kwenye mkutano na waandishi kama ana chuki naye.

Rekodi nyingine ina makali pande zote mbili: katika maisha yake yote ya NBA hakuwahi kutolewa kwa faulo sita. Mashabiki wake huitaja kama nidhamu. Wakosoaji walisema akifikisha ya nne au ya tano alikuwa anaacha kuruka kuzuia, akiilinda rekodi kuliko ringi. Naona wakosoaji walikuwa na hoja.

Ukimchagua Wilt, taja na mwaka

Hapa ndipo wengi wanapokosea kuchagua. Wanamchukua Wilt wa 1962, yule wa pointi 50, ambaye timu yake ilitolewa na Boston Celtics ya Russell katika mechi ya saba, ya mwisho ya mfululizo. Tena wachezaji wenzake, ambao ndio waliokuwa wakipiga kura wakati huo, walimpa Russell tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka huohuo. Watu waliokuwa uwanjani waliziona pointi 50, wakamchagua mwenye pointi 19.

Wilt wa kuchukua ni wa 1966–67. Alikuwa amehamia Philadelphia 76ers, na kocha Alex Hannum alimshawishi apunguze kutupa. Kutoka wastani wa mitupo karibu 40 kwa mechi mwaka 1962, akashuka hadi takriban 14. Pointi zikawa 24.1, ribaundi 24.2, asisti 7.8, na asilimia 68 ya mitupo yake ikaingia. 76ers walishinda mechi 68, wakapoteza 13, wakaiondoa Boston 4–1 na kukata mfululizo wa mataji manane, kisha wakachukua ubingwa mbele ya San Francisco Warriors, klabu yake ya zamani iliyokuwa imehamia huko. Msimu uliofuata akaongoza ligi nzima kwa jumla ya asisti, 702, kitu ambacho senta hafanyi. Februari 2, 1968, dhidi ya Detroit, alipata pointi 22, ribaundi 25 na asisti 21 katika mechi moja. Hiyo ndiyo rekodi yake ninayoiheshimu kuliko ile ya Hershey, na haina hata robo ya umaarufu wake.

Wilt wa mwaka 1972, akiwa Lakers na umri wa miaka 35, si wa kudharau pia. Alikuwa amegeuka mlinzi na mchukua ribaundi. Timu ilishinda mechi 33 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa, na katika mechi ya tano ya fainali alichukua ribaundi 29 na pointi 24 akiwa ameumia mkono. Alitangazwa mchezaji bora wa fainali. Mataji yake yote mawili yalikuja miaka ambayo alitupa kidogo. Kila nikiisoma historia yake narudi hapo.

Kuna dosari moja ambayo hakuna mwaka unaoiondoa: mitupo huru. Msimu wa 1961–62 alikuwa akiirusha kwa mikono miwili kutokea chini, na ikaingia asilimia 61, kiwango chake bora. Zile 28 kati ya 32 za Hershey zilirushwa hivyohivyo. Kisha akaacha, kwa maelezo yake mwenyewe kwamba alijisikia aibu kuonekana akitupa vile. Msimu wa 1967–68 akashuka hadi 38. Rick Barry, aliyeendelea kutupa kutoka chini bila kujali vicheko, alimaliza na karibu asilimia 90. Kama unamkabidhi mtu mpira zikiwa zimebaki sekunde thelathini na tofauti ni pointi moja, hili lazima likutie wasiwasi. Wapinzani watamchezea faulo, na wewe utafumba macho.

Russell: kumi na moja, na mahesabu ya pointi tisa

Bill Russell alikuwa na mita 2.08, kwa hiyo mfupi kuliko wenzake wawili, na hakuwa mfungaji. Alitupa kwa asilimia 44, na mitupo huru yake haikuwa ya kujivunia. Ukimwangalia kwa takwimu za kisasa utaona mchezaji wa kawaida mwenye ribaundi nyingi. Halafu unaangalia kilichotokea alipokuwapo na alipokosekana.

Boston Celtics hawakuwa na taji hata moja kabla yake. Alifika msimu wa 1956–57, akitokea kushinda dhahabu ya Olimpiki Melbourne, na wakatwaa ubingwa mwaka huohuo. Katika misimu yake 13 walikosa mara mbili tu: 1958, alipoumia kifundo cha mguu kwenye fainali, na 1967 mbele ya Wilt yule niliyemwelezea. Mataji mawili ya mwisho aliyachukua akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Tangu 1966 alikuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika NBA. Alipoondoka 1969, msimu uliofuata Boston ileile yenye John Havlicek ilishinda mechi 34, ikapoteza 48, na haikufika hata mtoano.

Watu husema alibebwa na wenzake: Cousy, Sam Jones, Heinsohn, Havlicek, na kocha Red Auerbach. Kweli alikuwa na timu nzuri. Wilt naye mwaka 1969 alikuwa na Jerry West na Elgin Baylor, akacheza mechi ya saba nyumbani, na mwenye Lakers alikuwa ameshaning'iniza maputo darini tayari kwa sherehe. Boston walishinda 108–106. Wilt alitoka akiwa ameumia goti, na alipoomba kurudi kocha wake akakataa.

Hata hivyo, shabiki wa Wilt ana namba moja ya kujitetea nayo. Wawili hawa walifika mechi ya saba mara nne: 1962, 1965, 1968 na 1969. Russell alishinda zote, kwa tofauti ya pointi 2, 1, 4 na 2. Jumla pointi tisa. Mipira mitano tu ingeingia upande wa pili, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa kuhusu nani alikuwa mshindi na nani mkusanya takwimu. Nakubali hoja hiyo hadi nusu. Nusu nyingine ni kwamba Russell katika maisha yake ya NBA alicheza mechi za saba kumi na akashinda kumi. Ile ya fainali ya 1962 dhidi ya Lakers alichukua ribaundi 40 na pointi 30. Mara kumi kati ya kumi siwezi kuiita bahati.

Siri yake haikuwa urefu. Alipozuia mpira hakuupiga kuelekea jukwaani. Aliugusa ukabaki mchezoni, mwenzake akauchukua na shambulizi likaanza. Naisema hii kwa sababu huku kwetu kijana akifika mita mbili tu anawekwa chini ya ringi na kuambiwa apige bloku. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye mita 2.21, alichaguliwa wa pili NBA ilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, kwa sifa ya bloku alizopiga Chuo Kikuu cha Connecticut. Hakudumu kama ilivyotarajiwa. Kuzuia mpira ni mwanzo wa kazi ya senta, na Russell ndiye mfano wa kazi iliyobaki: kuona pasi kabla haijatoka, kuhama upande, kupanga wenzake kwa sauti.

Na kwa wanaopenda visa: mwaka 1965 Wilt alisaini mkataba wa dola 100,000 kwa msimu. Russell akaenda kwa Celtics akaomba 100,001. Akapewa.

Kareem: yule asiye na mwaka mbaya

Juu ya Kareem nitasema machache, kwa sababu hoja yake ni nyepesi kueleza. Alikuwa mzuri kwa miaka ishirini. Akiwa Chuo Kikuu cha UCLA, wasimamizi wa michezo ya vyuo walipiga marufuku danki, yaani kuusokomeza mpira ringini, mwaka 1967, na wengi waliamini yeye ndiye aliyelengwa. Akautegemea zaidi ule mtupo wa mkono mmoja kutokea ubavuni, skaihuku, aliouanza tangu shule ya msingi kwa lile zoezi la George Mikan la kutupa kushoto na kulia chini ya ringi. Mwili unakuwa kati ya mlinzi na mpira, mpira unaachiwa juu kabisa, na hakuna wa kuufikia. Alifunga nao dhidi ya Wilt, na akafunga nao dhidi ya vijana waliozaliwa yeye akiwa sekondari.

Aprili 5, 1984, kwa mtupo huohuo, alimpita Wilt katika orodha ya wafungaji wa zama zote. Rekodi ilikaa kwake hadi Februari 7, 2023, LeBron James alipoichukua. Tuzo sita za mchezaji bora wa ligi bado hakuna aliyezifikia. Alikuwa mchezaji bora wa fainali mwaka 1971 na Milwaukee, kisha tena 1985 na Lakers, akiwa na miaka 38. Fainali hiyo ya 1985 ilianza kwa Boston kuwapiga Lakers 148–114, magazeti yakamwita mzee aliyekwisha. Mechi ya pili akarudi na pointi 30, ribaundi 17 na asisti 8.

Sasa rudi kwenye mstari wa mtoano katika jedwali. Wilt anashuka kutoka 30.1 hadi 22.5. Kwa haki yake, mtoano mwingi aliucheza mbele ya Russell, na mwingine akiwa ameshapunguza kutupa. Lakini Kareem anatoka 24.6 hadi 24.3. Mechi ngumu na mechi nyepesi, namba ni ileile.

Udhaifu anao. Uzeeni hakuchukua ribaundi za kutosha. Kati ya 1975 na 1979, kabla Magic Johnson hajafika, hakuipeleka Lakers fainali hata mara moja. Mwaka 1976 alipewa tuzo ya mchezaji bora huku timu ikikosa mtoano. Na alipokutana na Wilt mzee katika mtoano waligawana: Milwaukee ilishinda 4–1 mwaka 1971, Lakers wakalipiza 4–2 mwaka 1972, ingawa Kareem alifunga zaidi ya pointi 30 kwa mechi.

Basi umchukue yupi?

Inategemea una nani tayari. Kama kikosi chako kina wafungaji wawili wanaojua kazi, mchukue Russell bila kufikiri. Hatawaomba mpira, na watakimbia kuliko walivyowahi kukimbia. Ukimweka Jordan na LeBron karibu na Wilt wa 1962, mpira mmoja hautawatosha.

Kama huna mtu, au hujui utapata nani, chukua Kareem. Anafunga peke yake, mitupo huru yake inatosha kumwacha uwanjani dakika ya mwisho, na huhitaji kutaja ni Kareem wa mwaka gani. Mimi chaguo langu la kwanza ni yeye, na huwa nazomewa na pande zote mbili. Pia kwa kijana anayejifunza ni yeye tu ambaye mikanda yake mizuri ipo tele ya kuangalia. Skaihuku haihitaji mita 2.18, inahitaji mazoezi ya kila siku ya mikono yote miwili, ingawa sielewi kwa nini leo karibu hakuna anayeitumia.

Na kama mwenzako amewahi kuwachukua hao wawili ukabakiwa na Wilt, huna sababu ya kununa. Mpe jezi ya 1967, mwambie mitupo isizidi 15 kwa mechi, pasi zipite kwake, na akienda kwenye mstari wa faulo atupe kutoka chini, watu wacheke wanavyotaka.